Gofu ya Chuo Kidogo Huendeshwa Aje? Soma Hii Kabla Utumie Ajenti Doh

Uko Isebania, umemaliza sekondari, na kuna ajenti anakushow ati chuo kidogo huko Marekani kitakulipia karo yote juu ya gofu. Wewe tuma tu doh ya "fomu". Tulia kwanza. Kabla M-Pesa iende, jua vile hizi timu huendeshwa.

Timu ni watu wangapi?

Wachache sana. Kwa mashindano mengi ya vyuo, kila timu inapeleka wachezaji watano na skoa nne bora ndizo zinahesabiwa. Mkipiga 74, 76, 79, 81 na 90, hiyo 90 inatupwa na timu inaandikiwa 310. Mwenye skoa ya chini ndiye anashinda. Kwa hivyo hata chuo chenye wanafunzi elfu moja kinaweza kuwa na timu, kwa sababu wote na kocha wanaenea kwa Noah moja.

Kiwanja ni cha nani?

Vyuo vingi vidogo havina chao. Vinaelewana na klabu ya karibu, vijana wanafanya mazoezi saa zile wanachama hawajajaa. Kocha naye mara nyingi ana kazi ingine hapo chuoni ama kwa klabu. Doh nyingi inaenda kwa safari, malazi na ada za mashindano. Na usitarajie kedi: kila mtu anabeba begi yake.

Ufadhili uko wapi?

Hapa ndio watu huliwa. Vyuo vidogo kibao viko Divisheni ya 3 ya NCAA, na huko ufadhili wa michezo hauruhusiwi, hata senti. Methodist University ya North Carolina imebeba mataji mengi ya gofu ya Divisheni ya 3, lakini swing pekee haiwezi kukulipia karo pale. Msaada unatokana na gredi zako na uwezo wa familia. Divisheni ya 1, ya 2 na vyuo vya NAIA ndivyo huruhusu ufadhili wa gofu, na mara nyingi kocha anaugawa kwa wachezaji kadhaa. Kulipiwa kila kitu ni nadra.

Mtu wa Isebania aanzie wapi?

Shika barabara ya Migori na Rongo hadi Kisii, kiwanja kiko. Ukisonga mbele, Kisumu kuna Nyanza Golf Club. Mapro wengi wa Kenya walianza kama makedi, na kulipwa kubeba begi hakukuondoi kwa uamateur. Kugeuka pro ndio noma. Tafuta handikapu, weka rekodi ya skoa zako, rekodi video ya swing, kisha mwandikie kocha mwenyewe. Barua pepe yake iko kwa tovuti ya chuo, na hiyo ni bure. Vitabu pia usiviache, gredi ndizo zinafungua mlango.

Na vyuo vyetu huku Migori? Piga hesabu: vijana watano, mwalimu mmoja, klabu moja iliyokubali. Si lazima mtu avuke bahari ndio aanze.

Na huyo ajenti, muulize chuo kiko divisheni gani. Akisema ya 3 na bado anaitisha doh ya ufadhili wa gofu, mwachie tiki za bluu.