Kwisha na Kutimia: Aria Moja ya Ijumaa Kuu katika Johannes-Passion ya Bach

Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1724, katika ibada ya alasiri kwenye Kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, Johann Sebastian Bach aliongoza kwa mara ya kwanza utungo wake wa Mateso kwa mujibu wa Injili ya Yohana. Ulikuwa na sehemu mbili, na katikati yake palihubiriwa. Wengi huusikiliza kama maombolezo matupu. Naona wanaupunja, na ushahidi upo penye neno la mwisho la Yesu msalabani.

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kulibeba neno hilo. Unga hwisha debeni, nadhiri hutimia. Kiyunani cha Yohana hukusanya maana zote mbili katika kitenzi kimoja, bali Kijerumani cha Luther, *vollbracht*, huegemea kutimiza: kazi imefikishwa mwisho wake na aliyeianza. Bach alitunga muziki wa kutimia.

Tuitazame aria yenyewe, *Es ist vollbracht*. Inaanza polepole mno, katika B maina. Viola da gamba, chombo cha nyuzi kinachobanwa miguuni na kupigwa kwa upinde, inashuka noti kwa noti kama mtu anayeishiwa pumzi, na alto anaipokea sauti hiyohiyo. Hapo msikilizaji angeweza kusema: naam, ni msiba. Ghafla vyombo vya nyuzi vinalipuka katika D meja, vikipiga mtindo wa tarumbeta za vita ingawa tarumbeta yenyewe haimo kabisa, na mwimbaji anamtangaza shujaa wa Yuda aliyeshinda. Kisha shangwe inakatika na gamba inarudi na mshuko wake. Neno ni lilelile, lakini sasa tunalisikia tukijua limebeba nini.

Kuna hoja ya kunipinga. Kilio cha Petro, ambacho Bach alikiazima kutoka Mathayo, ni majonzi yasiyofichika. Tena mwaka 1725 aliiondoa kwaya ya ufunguzi inayoutukuza utawala wa Bwana hata katika unyonge, akaweka wimbo wa toba. Hata hivyo baadaye aliirudisha, nayo ndiyo iliyofungua utungo alipouongoza mwaka 1749, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Kwangu huo ni uamuzi wa mtunzi mwenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kuiimbisha aria hii kwa Kiswahili asikimbilie *imekwisha* kwa sababu tu ina silabi nne kama Kijerumani. Mkazo wa Kijerumani huangukia silabi ya mwisho, wetu ya pili kutoka mwisho. Noti zitabidi kupangwa upya kwa vyovyote. Basi na aigawe noti moja kwa ajili ya silabi ya tano, aandike *imetimia*.