Ile Nyumba ya Karen Mnayopigia Picha za Harusi: Stori Yake Iko Nyuma, Jikoni

Wadau, juzi staa mmoja wa kike (jina kapuni, msinigombanishe na watu) katupia picha zake na mchumba wake wakiwa Nairobi, kwenye bustani ya nyumba moja ya kizamani. Gauni refu jeupe, nyasi kijani kibichi, nyuma yake baraza pana na paa la vigae. Akaandika maneno mawili matatu ya kusifia mambo ya zamani, watu wakamwaga makopakopa. Nimeshuka chini kabisa kwenye maoni, nikakuta mtu mmoja tu kauliza: hii nyumba ni ya nani? Hakujibiwa.

Basi ngoja nijibu mimi, maana nimeshafika pale, na jibu si la sentensi moja.

Nyumba iko kitongoji cha Karen, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Leo ni makumbusho. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi aliyeitwa Åke Sjögren, kisha mwaka 1917 ikaingia mikononi mwa mwanamke wa Kidenmaki, Karen Blixen, na mumewe Bror, ambaye alikuwa baroni wa Kiswidi. Hao walifunga ndoa Mombasa Januari 1914, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza kashuka melini. Walikuja kulima kahawa, na pesa nyingi za shamba zilikuwa za ndugu zake mwanamke. Nyumba waliiita Mbogani, na Wazungu wakaeleza kwamba maana yake ni nyumba ya msituni. Mimi kila nikisikia Mbogani nasikia mboga, lakini tuyaache hayo.

Sasa, ukitarajia kasri utaondoka umenuna. Ni nyumba ya chini, haina ghorofa. Kuta za mawe, vyumba vikubwa vilivyojipanga kwa upana, baraza la kukaa jioni kuangalia vilima vya Ngong, na paa la vigae. Mtindo huu wenyewe haukutoka Ulaya. Waingereza waliuokota India, huko Bengali, wakausambaza kila walikotawala, kwa sababu nyumba ya baraza pana inakaa na ubaridi hata jua likiwaka. Nairobi ya miaka ile ilijaa nyumba za namna hii kwenye vitongoji vya Wazungu. Hii haikuwa ya ajabu kati yake, ilikuwa ya kawaida tu.

Na hapo ndipo mimi naona thamani yake ilipo. Kasri la mfalme litakwambia habari za mfalme. Nyumba ya kawaida ya ushuani ya mwaka 1912 inakwambia jinsi ushuani wenyewe ulivyopatikana: nani alikaa barazani, nani aliingilia mlango wa nyuma, na ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya vigae.

Tuanze na ardhi. Shamba lilikuwa na kama ekari 6,000. Kahawa ilichukua ekari 600 hivi, nyingine ilikuwa msitu na malisho, na kama ekari 1,000 walikaa familia za Wakikuyu, na vibanda vyao na mashamba yao ya mahindi. Kwa sheria ya kikoloni hao waliitwa maskwota. Fikiria hiyo. Mtu kazaliwa pale, baba yake kazaliwa pale, halafu yeye ndiye anayehesabiwa kuwa kavamia. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka mtu wa namna hiyo amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kubaki. Nusu ya mwaka, jamani, unalipia kukaa kwenu. Blixen mwenyewe aliandika baadaye kwamba pengine watu wale walimwona yeye ndiye skwota, tofauti ni kwamba alikuwa skwota wa hali ya juu. Angalau hilo aliliona.

Nje ya nyumba kuna meza iliyotengenezwa kwa jiwe la kusagia. Watu wengi wanaipita, au wanaweka mkoba juu yake wapige selfi. Pale ndipo mama huyo alipokuwa akikaa kusikiliza kesi na shida za watu wa shamba. Ukitaka kusema neno na mwenye shamba, ulikuja kwenye jiwe. Lilikuwa baraza lao la kesi, na ofisi, vyote kwa pamoja.

Ila kuna stori moja ya nyumba hii ambayo hainitoki kichwani.

Jirani na shamba aliishi chifu Kinanjui, chifu mkuu wa Wakikuyu aliyetambuliwa na serikali ya kikoloni. Yeye na Blixen walijuana miaka mingi. Alipougua akawa mahututi, watu wa misheni walitaka wampeleke hospitali yao. Mzee hakutaka. Akamtumia ujumbe Blixen, naye akaenda kumwona, na mzee akamwomba jambo moja tu: amchukue, ampeleke nyumbani kwake, akafie pale. Blixen akakataa. Wakati huo shamba lilikuwa linamponyoka, amechoka, na aliogopa lawama za wakubwa kama mzee angekufa mikononi mwake. Mzee akapelekwa na wengine na hakukawia kufa. Haya si maneno ya wambea; mwenyewe ndiye aliyeyaandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1937, na ukisoma unaona kabisa kwamba aibu ile haikumtoka.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya ule mlango na gauni lako jeupe, ujue ni mlango ambao chifu wa eneo zima aliomba kupitishwa akiwa anakufa, akakataliwa. Mimi nilisimama pale nikashindwa hata kutoa simu.

Shamba lenyewe lilikuwa halina maisha marefu. Lilikuwa juu mno, zaidi ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, na kahawa haikupenda. Ndoa ilishavunjika, talaka ikatoka mwaka 1925. Mwaka 1931 mambo yakaisha kwa mpigo: kampuni ikauza shamba, na Mei ya mwaka huohuo Denys Finch Hatton, yule Mwingereza aliyekuwa mpenzi wake, akafa kwa ajali ya ndege pale Voi. Alizikwa kwenye vilima vya Ngong. Blixen akarudi Denmark, na hakukanyaga tena Kenya mpaka anakufa mwaka 1962.

Aliyenunua alikuwa mtu wa biashara, Remi Martin. Alilikata shamba vipande vya ekari 20 kila kimoja, avigeuze kitongoji cha matajiri. Hapo ndipo Karen mnayoijua ilipoanza. Sasa jiulize, zile familia za Kikuyu zilikwenda wapi? Sheria iliwataka waondoke, na wangetawanyika kila mtu kivyake. Lakini wao walitaka wahame pamoja, wabaki kuwa jirani kama walivyokuwa, na mama huyo, lazima tumpe haki yake, alihangaika ofisi hadi ofisi Nairobi mpaka wakapewa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Walipata pa kukaa. Kwao hawakurudishiwa.

Kuhusu jina la kitongoji kuna ubishi mpaka leo. Wengi husema ni Karen huyu huyu, na mwenyewe aliamini hivyo. Wengine wanakumbusha kwamba kampuni ya kahawa iliitwa Karen Coffee Company, na mwenyekiti wake, mjomba wake Blixen, alikuwa na binti aitwaye Karen pia. Mimi sina upande. Ninachojua ni kwamba kwenye ubishi wote huo anagombaniwa Karen yupi, na hakuna hata mmoja anayeuliza Wakikuyu walipaitaje.

Nyumba ikapita kwa wenyewe wengine, akiwemo ofisa wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1964 serikali ya Denmark ikainunua na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru, pakawa na chuo cha lishe. Zawadi ya ajabu kidogo ukiiwaza: unapewa nyumba iliyojengwa kwenye ardhi yako.

Halafu ikaja muvi. Out of Africa, 1985, Meryl Streep na Robert Redford, Oscar 7. Yumo hata Iman, yule mwanamitindo wa Kisomali, na Farah, msimamizi wa nyumba ya Blixen ambaye alikuwa Msomali, kachezwa na Malick Bowens kutoka Mali. Hapa wapenzi wa filamu wataniudhikia, lakini ndani ya nyumba hii hawakupiga picha. Walitumia nyumba ya kwanza aliyokaa Blixen, ambayo nayo iko hukohuko Karen, na baadhi ya Wakikuyu waliotokea kwenye filamu ni wajukuu wa watu waliotajwa kwenye kitabu. Filamu ilipowasha moto dunia nzima, watalii wakaanza kuitafuta nyumba, na mwaka 1986 makumbusho yakafunguliwa. Ndani utakuta vitu vyake halisi na vingine vilivyotengenezwa kwa ajili ya filamu. Kwa hiyo kuwa makini unapolia mbele ya kiti. Uliza kwanza kilikaliwa na nani.

Nimeshabishana na rafiki yangu mmoja (naye jina kapuni, ana hasira) anayesema nyumba za wakoloni zibomolewe tu, tunatunza kumbukumbu za nani? Namwelewa. Lakini angalia kinachotokea zikibomolewa. Kileleshwa na Kilimani, nyumba za baraza za enzi ileile zimeng'olewa moja baada ya nyingine, yamepanda maghorofa. Hapa Dar, Upanga, ni hivyohivyo. Je, ardhi imerudi kwa mtu? Imebaki na wenye pesa, na sasa hata ushahidi haupo. Mtoto anakulia ghorofa ya 9 hajui kwamba chini ya maegesho palikuwa na jiko la nje, na kibanda cha mpishi, na njia ya nyuma aliyopita mtumishi wa kiume alfajiri na kipande chake shingoni. Sheria ya urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inaweza kulinda jengo likitangazwa rasmi. Linalotangazwa ni lile lenye jina kubwa. Nyumba dada zake mia, zisizo na mwandishi wala Oscar, zinakwenda na tingatinga siku ya Jumapili.

Kwa hiyo mimi sitaki ibomolewe, na wala sitaki ibaki kuwa mandhari ya picha tu. Nataka isimuliwe yote, mbele na nyuma.

Nyuma ndiko kwenye jiko. Limejengwa mbali na nyumba, moto na moshi na watu wa kazi vikae kando. Mpishi maarufu wa pale alikuwa kijana wa Kikuyu, Kamante, aliyekuja kwa Blixen mtoto mwenye vidonda miguuni, akapona, akajifunza kupika mpaka wageni wakubwa wakawa wanamsifu. Miaka mingi baadaye, 1975, simulizi zake mwenyewe zilitoka kitabuni kwa msaada wa mpiga picha Mmarekani, Peter Beard. Wangapi mmekisikia? Cha mama kinajulikana dunia nzima.

Kulikuwa pia na saa ya ukutani, ile ambayo ndege wa mbao anachomoza na kulia kila saa. Watoto wachungaji wa shambani walikuwa wanaziacha mbuzi saa sita mchana, wanakuja miguu peku mpaka ndani, wanakaa kimya sakafuni wakimsubiri ndege. Akitoka wanacheka, kisha wanarudi kwenye mbuzi wao. Majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Siku niliyokwenda, bustani ya mbele ilikuwa na maharusi wawili na wapiga picha wao wakigombania mwanga. Jikoni nilikuwa peke yangu.