Mvua ya Mwaka 1961 katika Ukambani

Wakamba hawaihesabu miaka ya dhiki kwa tarakimu tu, bali huipa majina. Njaa kuu ya 1898 na 1899 waliiita Ngomanisye, maana ilienea pote. Na ile ya 1961 wakaiita Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kiliangushwa kutoka angani. Lakini hapa twataka kuinena zaidi mvua iliyofuata ukame ule, maana nayo haikuwa neema tupu.

Mvua za 1960 zilikuwa haba, na masika ya 1961 yakapita pasipo kuinywesha nchi. Umasaini ng'ombe walikufa kwa maelfu. Mtu asiyepata kulima penye ukame hudhani kwamba taabu kubwa ni tumbo la leo. Kumbe ni mbegu. Kibuyu cha kunde na pojo za kupanda kimewekwa juu ya meko, ili moshi uwazuie wadudu, na watoto wenye njaa wakiona kila siku. Mama akizipika, mvua itamkuta mikono mitupu. Asipozipika, huenda mtoto asiione mvua hiyo. Na ikinyesha mara moja, apande au angoje? Akipanda upesi, pengine mawingu yatatoweka na miche ikauke. Akingoja, majira ni mafupi, na unyevu wa kwanza ndio ulio bora. Hatujui hesabu ya shuleni iliyo ngumu kuliko hiyo.

Basi, mnamo Oktoba mvua ikaja. Huko Ukambani vuli ndiyo inayotegemewa kuliko masika, kwa hiyo furaha ilikuwa kubwa. Ardhi iliyokauka sana huwa ngumu kama sakafu, na maji hupita juu yake yakichukua udongo; penye matuta (yale yale waliyoyachukia walipolazimishwa kuyachimba) maji husimama, yakazama polepole. Lakini mvua haikukoma. Novemba mito ilifurika, madaraja yakachukuliwa, na barabara zikawa matope. Mvua iliyongojewa ndiyo iliyozifunga njia za chakula, hata ikabidi ndege zitumwe.

Wataalamu wa siku hizi wameeleza sababu yake. Mwaka ule maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kuliko desturi, na upande wa Sumatra yakapoa. Pepo zikageuka, mawingu yakamiminika Afrika ya Mashariki. Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na kimo hicho hakikupitwa hata Mei 2020, nacho kilipitwa kidogo tu, baada ya bahari kufanya vivyo hivyo mwaka 2019.

Tukirudi bustanini, yafaa kukumbuka kwamba mvua haishibishi siku ile inyeshapo. Mahindi ya zamani yalitaka miezi mingi. Yale ya Katumani, yanayokomaa mapema, yalikuwa bado hayajafika kwa wakulima. Kinachotangulia ni mboga: mchicha unaojiotea wenyewe, kisha majani machanga ya kunde, ambayo huchumwa baada ya majuma matatu au manne, kwa uangalifu, machache katika kila shina, ili mmea upate nguvu ya kuzaa.