Plasta Kwenye Peremende

Jumamosi usiku, tarehe 30 Oktoba 1858, sokoni Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. William Hardaker, mchuuzi aliyejulikana mtaani kama Humbug Billy, anauza peremende za mnanaa. Humbug ndiyo switi yenyewe, ile ya kumung'unya polepole. Usiku huo aliuza kilo 2 na kitu.

Watoto wawili walikufa kwanza, na watu wakadhani ni kipindupindu. Kisha vifo vikazidi, na kila nyumba yenye msiba ilikuwa na peremende za Billy. Mwishowe watu wapatao 20 walikufa na zaidi ya 200 wakaugua. Ndani ya peremende kulikuwa na aseniki.

Sasa, iliingiaje? Hapa ndipo stori inakuwa chungu. Sukari ilikuwa ghali na serikali iliitoza ushuru. Joseph Neal, aliyemuuzia Billy peremende, alikuwa akipunguza sukari na kujazia kitu walichokiita "daft": unga mweupe wa bei rahisi, kama plasta. Ni hesabu ileile ya muuza maziwa anayeongeza maji. Basi Neal akamtuma mpangaji wake, James Archer, akalete daft kwa mfamasia Charles Hodgson, kule Shipley. Hodgson alikuwa mgonjwa. Msaidizi wake, William Goddard, akamuuliza unga uko wapi, akaambiwa uko kwenye pipa, kona ya darini. Goddard akachota pipa lisilo lenyewe. Archer akarudi na zaidi ya kilo 5 za aseniki, nayo pia ni unga mweupe.

James Appleton, aliyezipika peremende hizo, kama kilo 18, aliugua akiwa bado kazini. Hakuna aliyeshtuka. Zilipotoka, hazikufanana na zile za kawaida, na Hardaker aliliona hilo. Unajua alifanya nini? Aliomba apunguziwe bei. Akapunguziwa. Naye akaonja, akaugua.

Goddard, Hodgson na Neal walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Kesi dhidi ya Goddard na Neal ziliondolewa, na Hodgson akaachiliwa huru na mahakama ya York mwezi Desemba. Hakuna aliyefungwa.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama ajali ya pipa. Mimi naona pipa ni sehemu ndogo. Aseniki iliingia kwa makosa, sawa, lakini plasta ilikuwa mpango. Kama Goddard angechota pipa sahihi, watoto wa Bradford wangekula plasta Jumamosi ile kama Jumamosi nyingine zote, na hakuna polisi angebisha mlango wa mtu.

Na usiseme hawakujua. Mwaka 1820, mkemia Friedrich Accum alichapisha London kitabu kilichoonya kuhusu vyakula vilivyochakachuliwa, zikiwemo switi za watoto zilizotiwa rangi za risasi na shaba. (Accum mwenyewe alishtakiwa kwa kurarua kurasa za vitabu vya maktaba, akakimbilia Ujerumani. Wafanyabiashara hawakumlilia.) Miaka ya 1850, daktari Arthur Hill Hassall aliweka vyakula vya London chini ya hadubini, na jarida la Lancet likachapisha majina na anwani za wauzaji. Bunge likaunda kamati, likasikiliza mashahidi. Haya yote kabla ya Bradford.

Baada ya mazishi, mwaka 1860, sheria ya kupinga uchakachuaji wa vyakula ikapita. Ilisema miji *inaweza* kuajiri mkemia wa kupima vyakula. Inaweza, si lazima, na michache tu ndiyo ilijisumbua. Sheria ya maduka ya dawa na sumu ilikuja 1868, na sheria ya chakula yenye meno ikangoja hadi 1875. Ushuru wa sukari, ambao ulifanya plasta iwe biashara nzuri, ulifutwa 1874. Kwa wale watoto wa Bradford, ilikuwa imepita miaka 16.