Chombo Kipya, Neno la Zamani: Ukurasa na Kitabu katika Zama za Elektroniki

Kila chombo kipya cha kusomea kinapozuka, maneno ya usomaji hayana budi kupimwa upya. Hapo kale katika pwani yetu kitabu kiliitwa chuo. Ndiyo maana Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Baadaye neno kitabu, lenye asili ya Kiarabu, lilishika nafasi hiyo, na chuo kikawa mahali pa kufundishia. Ukurasa nao umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya fungu la karatasi au daftari; kwetu ukawa upande mmoja tu wa karatasi. Basi kubadilika kwa maana si jambo geni. Lenye hatari ni kubadilika pasipo wenyewe kutambua.

Mwaka 1971 Michael Hart, huko Illinois, Marekani, aliingiza Azimio la Uhuru wa nchi yake katika kompyuta, na hapo ukaanza mradi uitwao Project Gutenberg. Mwaka 1998 vilitokea vyombo vya kushika mkononi, kama vile Rocket eBook, lakini vioo vyake viling'aa na kuchosha macho. Kampuni ya E Ink, iliyoundwa mwaka 1997, ilitengeneza kioo chenye vidonge vidogo mno vya chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme. Sony walikitumia kioo hicho katika chombo kilichouzwa Japani mwaka 2004. Tarehe 19 Novemba 2007 kampuni ya Amazon ilitoa Kindle kwa dola 399, chenye rangi nne tu za kijivu. Cha pili, cha mwaka 2009, kilikuwa na 16. Na mwaka 2012 kikaja chenye taa yake.

Aliyeacha cha kwanza akachukua cha pili alidhani amebadili chombo tu. Kumbe alikwisha kubadili maneno pia.

Tuanze na ukurasa. Katika vyombo hivi msomaji hukuza au hupunguza herufi apendavyo, na kila afanyapo hivyo kurasa huongezeka au hupungua. Kindle kilihesabu mahali badala ya kurasa, na ni mwaka 2011 tu kilipoanza kuonyesha namba za kurasa za chapa kwa baadhi ya vitabu. Mwalimu akisema, "Fungueni ukurasa wa 40," wanafunzi wenye vyombo mbalimbali hawatafika mahali pamoja. Dawa tunayo tangu zamani: Msahafu na Biblia hutajwa kwa sura na aya, wala hakuna anayepotea kwa kubadili chapa. Yafaa vitabu vya shule navyo vitajwe kwa sura na aya, na neno ukurasa libaki kwa karatasi.

La pili ni kununua. Mwezi Julai 2009 Amazon iliviondoa katika vyombo vya wanunuzi vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyevitoa hakuwa na haki navyo, ikawarudishia fedha zao. Kimojawapo ni kile tunachokijua kwa tafsiri ya Kiswahili iitwayo Shamba la Wanyama. Mwenye nakala ya karatasi hawezi kuingiliwa nyumbani na muuza duka akamtwalia kitabu rafuni. Kwa hiyo mfasiri wa mikataba asiandike "kununua kitabu" pale ambapo mteja amepewa ruhusa ya kusoma tu. Neno moja likikosewa hapo, maktaba ya shule yaweza kudhani ina mali ambayo haina.

La tatu ni jina la chombo chenyewe. Kishikwambi kimekubalika, na katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 kilitumika kila kata. Lakini hicho hufanya kazi nyingi, na hiki ni cha kusomea tu. Tunapendekeza kisomeo, kwa mfano wa kichezeo. Tusikiite kwa jina la kampuni, kwani kampuni hubadili bidhaa zake kila baada ya miaka michache, na istilahi huundwa ili ikae. Chombo kipya na kije. Neno liwe limekwisha kumngoja msomaji.