Stalemate ni mkwamo, si sare

Mazungumzo yanapogota, magazeti ya Kiingereza huandika "stalemate", nasi tukitafsiri huvutwa kuandika "sare". Neno "stalemate" limetoka kwenye sataranji: mchezaji mwenye zamu hana kete hata moja anayoweza kuisogeza kihalali, ilhali mfalme wake hajashambuliwa. Sehemu yake ya kwanza, "stale", haihusu ile "stale" ya mkate uliochina. Inatokana na Kifaransa cha kale, kwa maana ya kusimama pasipo kusonga. Ya pili, "mate", imeazimwa kutoka "checkmate", ambayo asili yake ni Kiajemi, shah mat.

Mpinzani atasema kwamba kanuni za leo huihesabu hali hiyo kuwa sare. Ni kweli, lakini kanuni si maana. Nchini Uingereza, katika karne ya 17, aliyemfungia mwenzake njia namna hiyo ndiye aliyehesabiwa kushindwa. Sare ilikuja kukubalika huko katika karne ya 19. Hukumu ilibadilika, neno likabaki lilelile, kwa kuwa linataja kukwama wala si matokeo. Tena, timu zikitoka sare mchezo umekwisha. Mazungumzo yaliyokwama bado yanangoja kukwamuliwa. Tuandike "mkwamo".