Alama Isiyofutika: Habari za Televisheni Kubwa

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mrija, unga, alama. Somo letu la leo ni historia, lakini ni historia itakayokulindia fedha zako.

Kwanza fikiri njia ipitayo katika shamba lako la migomba. Hakuna mtu aliyeichimba. Miguu hupita hapo kila siku, majani huchoka, na mwisho hayaoti tena. Hata ukiacha kupita, njia bado yaonekana. Kumbuka mfano huo, tutaurudia.

Mwaka 1897 Mjerumani aitwaye Ferdinand Braun alitengeneza mrija wa kioo. Mwisho wa mrija, kwa ndani, hupakwa unga. Unga huo hung'aa ukipigwa na mshale wa umeme. Kwa muda mrefu televisheni za dunia nzima zilitumia mrija wa namna hiyo. Ndizo tunazoziita za chogo.

Jirani zetu walitutangulia: Kenya ilianza televisheni mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa picha za rangi. Mwaka huo huo sisi wa bara tulikuwa tumekaa kuzunguka redio, tukijifunza kampeni ya Mtu ni Afya. Bara haikupata kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Baadaye yakaja mabanda ya kuonyesha mpira, ambayo vijana waliyaita vibanda umiza.

Banda lenye watu wengi lataka picha kubwa. Lakini mrija mkubwa ni mzito sana, na ni shida kuutengeneza. Kwa hiyo wahandisi walitafuta njia nyingine. Waliweka mirija midogo mitatu ndani ya kabati: mmoja wa rangi nyekundu, mmoja wa kijani, na mmoja wa buluu. Picha hutoka kwenye mirija, hupita katika lenzi, hugonga kioo cha kujitazamia kilichomo ndani, kisha huangukia kioo cha mbele kwa nyuma yake. Wewe huiona ukiwa mbele.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa kuwa picha ndogo yakuzwa mara nyingi, hapana budi mirija ile ing'ae kwa nguvu sana. Unga wake huchoka upesi. Pale panapong'aa zaidi kila siku ndipo panapochoka kwanza, kama ile njia ya migombani.

Tuseme umenunua televisheni ya namna hiyo, ya mtumba, ukaiweka katika banda lako Kamachumu. Kila jioni waonyesha mpira. Wachezaji hukimbia huku na huku, lakini hesabu ya magoli na alama ya kituo hukaa pembeni, hazisogei. Baada ya miezi, waonyesha sinema, na kivuli cha alama ile kingali pale pale. Watazamaji wanung'unika. Wewe wachukua kitambaa, wafuta kioo. Hakitoki! Kwa nini? Kwa sababu ubovu haumo katika kioo cha mbele. Umo katika unga wa mirija, ndani kabisa.

Yafaa kufanya nini? Punguza mwanga na ukali wa picha tangu siku ya kwanza, maana nyingi zilitoka kiwandani zikiwa kali ili zivutie dukani. Usiache picha iliyosimama. Mchezo ukisha, zima. Badilisha vipindi, na picha ijaze kioo chote. Kivuli kikiwa chepesi, onyesha picha zinazotembea kwa siku nyingi. Huenda kikafifia, kwa kuwa sehemu nyingine nazo zachakaa zikilingana nacho. Kikiwa kizito, dawa ni kubadilisha mrija, na gharama yake yaweza kushinda bei ya televisheni yenyewe. Usifungue kabati mwenyewe! Umeme wa volti maelfu mengi waweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya. Mwite fundi.

Televisheni hizo zimepitwa na wakati. Mwaka 2012 kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilitangaza kuacha kutengeneza zile zinazorusha picha kwa nyuma. Lakini ubovu wenyewe haukufa. Televisheni za plazma ziliupata, na hata zile nyembamba za OLED huupata. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwambie mwenye duka aonyeshe picha nyeupe tupu kwenye kioo kizima. Ukiona kivuli cha maneno au cha alama, shika fedha zako, nenda zako.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kufuta kioo hakuondoi alama?
2. Njia ya migombani yafanana vipi na unga wa mrija?
3. Ukinunua televisheni ya mtumba, utaipimaje?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.